Romarini inakauka mu nyumba na vijiti vyote vinaoza, nifanye nini?

«Jambo papa agronomu. Nakaa Goma, Katindo, tuko wapangaji ku etaji kwa hiyo sina parseli. Miezi tatu imepita nilinunua muti moja ya romarini ku pepinieri, ilikuwa nzuri na inanukia, nikaiweka ku saloni pembeni ya televizyo juu nilisikia ni muti ya kuweka mu nyumba. Nikaihamisha mu chungu kubwa zaidi, nikaweka mawe chini ili maji ishuke, na kila asubuhi naimwangia kikombe moja. Sasa majani ya chini inageuka kahawia, ukigusa tu inaanguka, na ncha zinapinda. Nikafikiri ni kiu, nikaongeza kikombe ya jioni, haikusaidia. Nikakata vijiti sita, vile vinene vya chini sawa vya muhogo, nikaviweka mu glasi ya maji, vyote vikawa vyeusi na maji ikanuka. Dada yangu anasema romarini haiwezi kuota hapa Goma juu ya baridi na juu ya udongo ya volkano. Ni kweli? Naitaka juu ya chakula na juu ya nywele, na kama inawezekana nitoe zingine za kugawia marafiki. Inaweza kupona ama niitupe?»

Jambo dada. Usiitupe bado, na kwanza kabisa usiimwangie tena maji leo, wala kesho. Vile umeelezea, hiyo muti haina kiu, iko inazama. Najua inaonekana kinyume, juu majani inakauka na ncha zinapinda, na mutu yeyote mwenye huruma akiona muti inakauka anakimbilia kikombe, lakini romarini njo ile muti yenye inaonyesha alama za kiu wakati mizizi imeisha oza, na kama hatuelewi sababu yake utapoteza hata ile ingine yenye utanunua kesho. Kwa hiyo vumilia kidogo nikueleze namna inaishi, alafu tutaona ile yako, alafu vijiti.

Tuanze na ile neno ya dada yako juu inazunguka mingi hapa mjini. Romarini asili yake ni kandokando ya bahari ya Mediterania, Uhispania, Italia, kusini mwa Ufaransa, Maroko, Algeria, ku vilima vya mawe penye kiangazi ni kirefu na kavu na penye usiku wa miezi ya baridi inaweza kushuka mpaka chini ya sifuri. Goma tuko karibu metre 1500 juu ya bahari, usiku wetu unashuka mpaka digri 14 ama 15, kwa romarini hiyo si baridi, hiyo ni hali nzuri sana. Na ile udongo ya volkano yenye watu wanalalamikia, yale mawe yenye lava ilituachia mwezi wa 1 mwaka 2002 mpaka katikati ya mji na tena mwezi wa 5 mwaka 2021 upande wa Buhene, njo kitu karibu kabisa na kile romarini inatafuta: mawe yenye matundu, maji inapita, hewa inaingia. Hapa hatuna shida ya udongo hata kidogo. Ku Bukavu ndugu zetu wako na ile udongo nyekundu yenye inashikamana, wao njo wanapata kazi zaidi ya kuichanganya.

Neno ya pili, ile ya «muti ya kuweka mu nyumba». Hiyo ilitoka ku inchi za baridi. Kule mutu mwenye chungu ya romarini anaiingiza ndani wakati theluji inaanguka, juu udongo ya mu chungu ingeganda na kuua mizizi, na baridi ikiisha anaitoa inje tena. Sasa sisi tunasoma yale maelezo ku telefone tunafikiri ndani njo kwake. Nitakuambia kama vile mi naona: romarini haipendi kukaa mu nyumba, inavumilia tu, na inavumilia kama umeipa jua ya kutosha na umeinyima maji kidogo. Kwa mutu wa etaji kama wewe inawezekana, lakini si pembeni ya televizyo.

Sasa sikiliza namna muti inakunywa. Wengi wanafikiri mizizi njo inasukuma maji kuenda juu kwa nguvu yake. Kazi kubwa inafanyika ku majani: kuna vitundu vidogo sana vyenye huwezi kuona na macho, mvuke inatokea pale, na vile mvuke inatoka njo maji inavutwa kutoka chini kupanda. Vile vitundu vinafunguka wakati kuna mwangaza. Mwangaza kidogo, muti inakunywa kidogo, hata umwange ndoo. Romarini tena imeumbwa kwa kubana maji, chukua jani moja uiangalie karibu: ni nyembamba, kingo zake zimejikunja kuelekea chini, na upande wa chini kuna manyoya meupe. Vitundu vimefichwa mule ndani ili upepo kavu usimalize maji yake. Donc hii ni muti yenye hata mu jua kali inakunywa polepole, na wewe umeiweka fasi penye karibu hakuna jua, unaipa kikombe mbili kwa siku. Ile maji haina fasi ya kuenda, inabaki mu chungu.

Na maji ikibaki, mizizi inakosa pumzi. Ndiyo, mizizi inapumua kama kitu chote chenye uhai, inatumia oksijeni yenye iko mu matundu kati ya chembe za udongo. Maji ikijaza yale matundu, oksijeni inaingia kwa shida sana, juu mu maji inatembea karibu mara 10 000 polepole kuliko mu hewa. Mizizi inadhoofika mu siku chache, alafu vijidudu vya kuozesha, vile wataalamu wanaita Phytophthora na Pythium, vinakuja kumaliza kazi, juu vyenyewe vinapenda udongo yenye haikauki. Sasa mizizi imekufa, nani atapandisha maji? Njo maana juu inakauka na chini ni tope. Mwenye muti anaona majani kavu, anaongeza maji, na ile maji inamaliza mizizi kidogo yenye ilikuwa imebaki. Tena romarini haina ile tabia ya kulegea yenye lengalenga iko nayo, majani yake ni magumu, inasimama wima mpaka siku za mwisho kama hakuna kitu. Siku unaona kahawia, shida iko na wiki kadhaa.

Ile mambo ya mawe chini ya chungu nayo tuiseme, juu karibu kila mutu anaifanya na anafanya kwa nia nzuri. Chukua eponji ya kuoshea vyombo, ilowanishe, ishike juu. Maji itadondoka alafu itaacha kudondoka, lakini chini ya ile eponji itabaki imejaa maji, si ndiyo? Udongo inafanya ile ile. Tabaka ya chini inabaki imelowa juu udongo inashikilia maji, haiiachi kuingia mu nafasi kubwa za mawe mpaka ijae kabisa. Kwa hiyo ukiweka mawe chini, ile tabaka yenye imejaa maji haitoki, inapanda tu juu zaidi, karibu na mizizi. Mawe inasaidia wakati imechanganywa na udongo yote, kutoka juu mpaka chini. Na chungu kubwa nayo ni shida kwa sababu ile ile, udongo mingi bila mizizi ya kuikunywa inakaa na maji siku na siku. Chungu mupya ipite ile ya zamani kwa upana wa vidole viwili, basi.

Sasa jua, juu hapa njo penye mi naona watu wa Goma wanapotezwa zaidi. Maelezo ya Ulaya itakuambia weka ku dirisha ya kusini. Kule ni kweli, kwetu hapana. Sisi tuko karibu digri 2 kusini mwa ikweta, saa sita ya mchana jua iko karibu juu ya kichwa, na mabati njo inaipata, dirisha inabaki na kivuli. Mwezi wa 6 jua inapita kidogo upande wa kaskazini, mwezi wa 12 inapita upande wa kusini. Simama ku dirisha yako: kama unaona Nyiragongo, hiyo ni kaskazini, kama unaona ziwa, hiyo ni kusini, na hizo mbili kila moja inapata jua kidogo kwa nusu ya mwaka tu. Dirisha yenye inaangalia upande wa Gisenyi, penye jua inatoka, ama upande wa Sake, penye inaingia, hizo njo zinapata jua ya kuingia ndani kabisa mwaka mzima. Na kati ya hizo mbili mi nachagua ya Gisenyi, juu mu miezi ya mvua mara mingi asubuhi inakuwa wazi na mawingu inakuja alasiri.

Hata ku dirisha nzuri, ukirudi nyuma hatua mbili tu mwangaza imeisha pungua sana, macho yetu haioni hiyo juu inajizoeza haraka. Jipime hivi: saa nne ya asubuhi, ama alasiri kama dirisha yako inaangalia Sake, weka mukono wako juu ya muti, kama kivuli cha vidole kinaonekana wazi na kingo zake, fasi ni nzuri. Kama unaona tu kiwingu ama hauoni kitu, romarini haiwezi kukaa pale. Inahitaji ile jua ya wazi masaa sita kwa siku, na ndani ya nyumba za hapa ni dirisha chache zinafika, kwa hiyo ukweli ni kwamba ile suluhisho muzuri kwako iko inje ya kioo. Kama uko na baraza ama balkoni, pale. Kama hauna, funga chungu ku antivoli ya dirisha na waya nguvu, upande wa inje, watu wanafanya hivyo na vitunguu majani na inaenda muzuri. Kitu kimoja: funga na waya mara mbili, juu ku etaji chungu ikianguka inaweza kuua mutu chini.

Kuna watu wataniuliza taa. Inawezekana, taa ya LED nyeupe ya watt 20 ama 30, sentimetre 20 mpaka 30 juu ya muti, masaa 12 mpaka 14 kila siku. Lakini piga hesabu ya umeme, na kama kwenu umeme inakatika-katika, mi siwezi kukushauri kutoa pesa hiyo juu ya romarini moja. Afadhali ukubaliane na rafiki mwenye parseli, muti mama ikae kwake ku udongo wazi, na ndogo mbili mu vyungu, moja kwake inje, moja kwako ku dirisha, na kila miezi miwili mitatu mubadilishane zile ndogo. Ile ya ndani inaenda kupumzika ku jua, ya inje inakuja. Usizitoe ghafla tu, muti yenye imezoea ndani ikiwekwa ku jua ya saa sita siku moja majani inaungua, ipe wiki moja ya kivuli chenye mwangaza kwanza.

Turudi ku ile yako. Chota udongo kidogo pembeni, shika shina, geuza chungu, itoe. Angalia mizizi na unuse. Mizizi nzima ni nyeupe ama kahawia ya njano, ngumu, ukivuta haikatiki. Yenye imeoza ni nyeusi ama kahawia nzito, laini, ukivuta ganda inabaki mu vidole na ndani kunabaki uzi mwembamba, na inanuka. Kata yote yenye imeoza, hata kama inabaki kidogo. Alafu ku shina kwaruza ganda na ukucha: ukiona kijani chini ya ganda, pale kuna uhai, ukiona kahawia kavu mpaka chini kabisa, hiyo imekwenda na hakuna dawa. Kama kuna kijani na kuna mizizi nyeupe hata robo, panda tena mu chungu ndogo, udongo mupya ya kukauka-kauka: nusu ni changarawe ya volkano ile ndogo, kama punje za mahindi na chini ya hapo, uioshe kwanza kutoa vumbi, na nusu ni udongo mweusi ama mboji yenye imeiva. Punguza matawi ya juu kwa tatu moja (sehemu moja kati ya tatu), juu mizizi kidogo haiwezi kulisha majani mingi, lakini usikate mpaka ku mbao tupu, romarini ikikatwa fasi penye hakuna jani hata moja mara mingi haichipuki tena. Mwangia mara moja maji ishuke yote, umwage yenye inabaki mu sahani, weka fasi yenye mwangaza bila jua kali kwa wiki moja na nusu. Alafu uingoje. Nafasi yake ya kupona? Kama mizizi zaidi ya nusu imeoza, mi sitakupa matumaini mingi, kwa hiyo siku ile ile unaitoa, kata vijiti ku zile ncha zenye bado ni kijani na ngumu. Hivyo hata mama akienda, unabaki na watoto.

Kuhusu kumwangia mu siku zenye zinakuja: usifuate kalenda. Ingiza kidole mpaka kiungo cha pili. Ikiwa na unyevu, wacha. Ikiwa kavu, mwangia mpaka itoke chini, usimwangie tena kikombe kidogo-kidogo. Kwa chungu ndogo ku dirisha inaweza kupita siku saba mpaka kumi mu miezi ya mvua, na kati ya mwezi wa 6 na wa 8 siku nne ama tano. Utazoea pia kuinua chungu na kusikia uzito. Na usipulizie maji ku majani, haihitaji, na mu nyumba yenye hewa haitembei unakaribisha ukungu tu.

Kitu kimoja cha hapa kwetu chenye hautakisoma fasi ingine ni maji ya ziwa. Maji ya Kivu iko na chumvi-chumvi nyingi na pH yake (kile kipimo cha uchachu, yenye inapita 7 si chachu) ku maji ya juu ya ziwa inafika karibu 9, ukiimwanga miezi na miezi mu chungu utaona ukoko mweupe ku kingo. Romarini inavumilia udongo yenye si chachu, mais chumvi ikirundikana inaunguza ncha za mizizi na ncha za majani. Mara moja kwa mwezi mwangia maji ya mvua mingi mpaka ipite chini isafishe. Na kama wakati ule volkano iko inatoa moshi mingi kuja upande wenu, ile mvua inaweza kuwa na asidi, usikinge ile ya kwanza.

Bon, vijiti. Hapa njo penye iko kazi ya furaha, na kosa lako lilitoka ku muhogo. Muhogo tunakata fasi nene na ngumu juu ile mbao iko na akiba ya chakula na macho yenye kuchipuka. Romarini haifanyi vile. Mbao yake ya zamani ni mvivu wa kutoa mizizi, na tena ulizamisha majani mu maji, majani mu maji inaoza, na kuoza kunapanda ku kijiti. Unachotafuta ni ncha ya tawi ya mwaka huu, yenye haina maua, ukiipinda inajipinda bila kukatika lakini chini imeanza kukaza kidogo. Urefu sentimetre 8 mpaka 10. Kata asubuhi, na wembe mupya, chini kidogo ya kifundo penye majani inatokea. Usikate ile ncha ya juu kabisa, na hii iko na sababu: pale juu njo muti inatengeneza homoni yenye wataalamu wanaita oksini, inashuka kupitia shina, ikifika penye ulikata haina fasi ya kuendelea, inarundikana, na kule kurundikana njo kunaambia chembe za pale zianze kutengeneza mizizi. Ile poda ya kuoteshea mizizi yenye wanauza ku maduka ya pembejeo ni homoni ya aina ile ile, inaharakisha, inasaidia, lakini romarini inaweza bila hiyo. Asali haioteshi mizizi, usipoteze asali yako.

Toa majani yote ya nusu ya chini, vuta na vidole kuenda juu pole pole bila kuchubua ganda. Chukua mukebe ya tomati ama kopo, toboa chini matundu manne matano, jaza muchanga mkubwa wenye umeosha ama changarawe ndogo ya volkano na mboji kidogo sana, samadi hapana, mbolea hapana, kijiti hakina mizizi ya kuila na chumvi yake itakiunguza. Toboa shimo na kalamu kwanza, usisukume kijiti chenyewe. Ingiza sentimetre 3 ama 4, gandamiza pembeni, mwangia mara moja. Unaweza kuweka vitano sita mu kopo moja. Sasa hapa kuna jambo lenye litaonekana linapingana na yote nilisema juu: kijiti kinataka hewa yenye unyevu. Haina mizizi, majani inatoa mvuke na chini hakuna kitu kinaleta maji, kwa hiyo tunapunguza ule mvuke. Kata chupa ya plastiki ya litre moja na nusu katikati, funika na ile ya juu, toa kifuniko chake ili ipumue, na kila siku inua dakika chache. Udongo yenyewe ibaki na unyevu kidogo, isilowe. Weka fasi yenye mwangaza mingi lakini jua isiipige moja kwa moja, juu chini ya chupa ku jua vijiti vinapikika saa moja tu.

Alafu mikono mbali. Kati ya wiki nne na nane. Watu wanaua vijiti kwa kuvichomoa kila siku tatu kuangalia. Vuta kidogo tu baada ya mwezi: kikishikilia, mizizi iko. Kikiwa na majani mapya juu, toa chupa polepole mu siku tano sita, alafu kila kimoja mu kopo yake, na kikifika urefu wa kiganja kata ile ncha ya juu ili kitoe matawi. Vingine vitakufa, hiyo ni kawaida hata kwa watu wa kazi, kata vingi kuliko vile unahitaji.

Ile ya glasi ya maji nayo inawezekana, sitaki kusema ni uongo. Ncha za kijani, majani isiguse maji, badilisha maji kila siku mbili, na mizizi ikifika sentimetre mbili panda mara moja, juu mizizi ya mu maji inavunjika-vunjika na ikikawia inasumbuka kuzoea udongo. Mi napendelea muchanga. Mbegu usijisumbue nazo, zinachelewa, chache njo zinaota, na muti yenye inatoka inaweza isifanane na mama yake.

Na kama ile ya rafiki mwenye parseli itakuwa mukubwa, kuna njia yenye karibu haikosi: makotaji. Pinda tawi ya chini mpaka iguse udongo, pale inagusa kwaruza ganda kidogo, funika na udongo, weka jiwe juu, ncha ibaki inje. Iko inanyonyeshwa na mama wakati inatengeneza mizizi yake, haina haraka, miezi mbili ama tatu unakata unahamisha. Mu mji wenye mawe kama huu hautakosa jiwe.

Kwa kuvuna, usipite tatu moja ya muti kwa wakati moja, na ungoje irudi. Utaona pia yenye imekaa ku jua inanuka zaidi, juu yale mafuta ya harufu inatengenezwa mingi penye mwangaza ni mingi, na mbolea mingi kinyume chake inakupa majani laini marefu bila harufu, kwa hiyo kiganja kimoja cha mboji kila miezi tatu kinatosha. Juu ya nywele, kuna utafiti wa mwaka 2015 wenye ulilinganisha mafuta ya romarini na minoksidili ya 2%, ile dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, kwa miezi 6 ku watu wenye nywele zinapunguka na matokeo ikakaribiana, mais ilikuwa mafuta, na watu hawakuwa wengi, maji ya kuchemsha haijapimwa vile. Ukiitumia ile maji mara mingi haitakudhuru, iweke tu ku frigo na uimalize mu siku chache. Mu chakula na mwanamke mwenye mimba anaweza kula kiasi cha kawaida, lakini yale mafuta ya chupa asikunywe, na chai nzito ya kila siku aulize kwanza daktari.

Wadudu: ku nyumba kavu utaona buibui wadogo sana wenye uzi mwembamba na majani inapauka, ama vipepeo vidogo vyeupe. Osha muti yote chini ya robine, alafu maji litre moja na kijiko kidogo ya sabuni ya maji, pulizia chini ya majani, suuza baada ya saa moja, rudia baada ya siku nne tano. Ile dawa ya shamba, ya nyanya na ya kabichi, usiilete mu nyumba penye watoto wanalala na ku muti yenye utaweka ku viazi kesho. Hapo nakuomba kabisa.

Kuna wakati maneno ya kuandika haitoshi. Kama ile mupya nayo inaanza kukauka na umefuata haya yote, kama shina inageuka nyeusi kutoka chini kupanda juu, ama kama unataka kuzalisha mingi ya kuuza ku soko, tafuta mutu aione na macho. Pepinieri ya karibu yenye wako na miti yao wenyewe ya romarini ni mwanzo muzuri, uliza waonyeshe muti mama, na ku fakilte ya agronomia ya chuo kikuu cha Goma ama ya UEA (Université Évangélique en Afrique) kule Bukavu kuna watu wa kazi hii. Usipeleke jani moja mu mfuko. Peleka muti yote na chungu yake na udongo yake vile iko, bila kuisafisha, na useme unaiweka ku dirisha gani, unamwanga maji ya wapi na mara ngapi, juu mutu mwenye hajaona mizizi na hajui maji yako atakuuzia tu dawa.